Kiwiko cha Bingwa

Jumatatu, 14 Oktoba

Msimu umefunguliwa leo na mimi bado ni bingwa wa Uholanzi wa mbio fupi za baiskeli uwanjani. Naanza na hilo ili daftari lianze na jambo la kweli. Jina langu ni Wietske Haverkort, miaka thelathini na moja, mtoto wa mkulima wa viazi wa Drenthe. Bingwa wa taifa mara saba, bingwa wa dunia mara moja, mtulinga umevunjika mara tatu. Daftari kaninunulia mama. Anasema nimeshahojiwa vya kutosha na watu nisiowajua, sasa nijihoji mwenyewe.

Nje mvua. Ndani ya ukumbi wa Apeldoorn joto lile lile la siku zote, mbao za uwanja zinanukia kama kabati jipya. Evert, kocha wetu, katukusanya kwenye viti vya plastiki na kutupa habari bila kupaka asali. Mashindano ya dunia ni Februari. Kwenye mbio fupi za wanawake nchi yetu ina nafasi moja tu, na atakayeshinda ubingwa wa taifa tarehe 28 Desemba ndiye atakayekwenda.

"Hakuna barua, hakuna kubembelezana, hakuna historia," akasema. Aliposema historia alinitazama mimi.

"Basi niandikie tiketi leo, upunguze kazi," nikamwambia.

Wote walicheka, na Renske kuliko wote. Huyu ni Renske Oudshoorn, miaka ishirini na miwili. Mimi ndiye niliyemleta. Miaka minne iliyopita nilimwona mjini Assen akiteleza barafuni, nikamfuata nikamwambia mapaja hayo yanapotea bure. Tangu hapo tunafanya mazoezi wawili wawili kila siku, mmoja mbele, mwingine nyuma ya gurudumu lake.

Nikikosa nafasi hii nimekwisha. Mwanamke wa umri wangu akiachwa mara moja harudishwi tena timuni. Hupewa shada la maua na kuombwa akazungumze na watoto wa shule. Lakini sitaikosa.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua. Nimemshinda Renske mara nne kati ya tano.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Mara nne kati ya tano. Ile moja nilimwachia kwa huruma.

Jumanne, 5 Novemba

Mara tatu kati ya tano. Kabahatisha.

Jumapili, 10 Novemba

Mama katimiza miaka sitini. Tulipanga viti duara sebuleni, ndugu na majirani kumi na wanane, na kila aliyeingia alizunguka akimpa kila mtu mkono: hongera ya mama yako, hongera ya shemeji yako, hongera ya jirani yako. Mimi nilipewa hongera kumi na saba bila kufanya lolote. Halafu kahawa moja na kipande kimoja cha keki, mama akafunga kopo, na hapo tukajua cha pili hakuna.

Shangazi Geesje alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Ana miaka sabini na nane na hana breki, kama baiskeli yangu.

"Wietske, nilikuona kwenye televisheni," akasema kwa sauti ya kusikika Ujerumani. "Mbona mnakwenda polepole hivyo? Mimi naenda dukani kwa kasi zaidi."

"Ni mzunguko wa kwanza huo, shangazi. Tuko wawili tu, mizunguko mitatu. Wa mbele anapasua upepo, wa nyuma anajikinga mgongoni kwa mwenzake. Kwa hiyo hakuna anayetaka kutangulia. Tunaviziana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja achomoke. Ukichomoka mwenzako akiwa hajajiandaa, umeshamwacha. Ukimshinda hivyo mara mbili kati ya tatu, basi."

"Kumbe ni kuviziana tu. Si mchezo wa watu waaminifu."

Duara zima likacheka, na baba, ambaye husema maneno kumi kwa siku, akatumia matatu: "Kasema kweli huyo." Nilikasirika kidogo. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 21 Novemba

Mara mbili kati ya tano. Nilikuwa na mafua.

Baadaye: sikuwa na mafua. Kila nikichomoka leo namkuta Renske ameshachomoka. Si kwamba miguu yake ina kasi kuliko yangu. Anaondoka pamoja nami, palepale, kama tumefungwa kamba moja. Kilichoniokoa zile mara mbili ni kitu ninachokijua mimi peke yangu. Renske huendesha mdomo wazi, hata kwenye mzunguko wa polepole. Kabla ya kuchomoka hufunga mdomo, hufunga kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kusema. Nikiwa mbele nikigeuka kumtazama, naliona hilo, na naondoka kabla yake. Nimelijua miaka miwili. Sijamwambia mtu, wala sioni sababu ya kumwambia.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo tumechota majina kwa ajili ya Sinterklaas, mzee wa zawadi anayepita juu ya mapaa na farasi wake usiku wa tarehe 5 Desemba: kila mtu humwandalia aliyemchota zawadi na shairi la kumtania, kwa siri. Mimi nimemchota Evert. Shairi lake limeshajiandika kichwani, maana mtu anayepima hata muda wa kuchemsha yai anaomba mwenyewe kuchekwa.

Renske alifungua kikaratasi chake, akakisoma, akakitia mfukoni.

Alhamisi, 5 Desemba

Naandika kabla sijavua koti.

Jioni saa kumi na mbili tulikutana kwenye chumba cha kulia chakula cha ukumbi, sote tisa wa timu. Mtu kagonga mlango kwa kishindo, katupa gunia ndani, kakimbia. Tukala biskuti za viungo na kufungua zawadi mmoja mmoja. Kanuni ni zile tunazozijua tangu utotoni. Zawadi imefichwa ndani ya kituko kilichotengenezwa kwa mkono. Shairi unalisoma mwenyewe kwa sauti, likuseme litakavyo, na unacheka. Aliyeliandika ni Sinterklaas, basi. Huulizi.

Evert alisoma langu mpaka machozi yakamtoka kwa kicheko. Kisha wakanisukumia mimi mkono mkubwa wa karatasi na gundi, umepakwa rangi ya machungwa. Penye kiwiko pamefungwa taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli, inawaka na kuzima. Ndani mna kamba, na herufi W ya chokoleti, na shairi hili, ambalo nalinakili lote ili nisijidanganye baadaye:

*Mimi Klaas nilo paani*
*nimechungulia ndani,*
*nikamwona bingwa wetu*
*anayekula vya watu.*
*Mapaja kama fahali,*
*na domo lake ni kali!*
*Ila, Wietske, nisikie,*
*neno moja nikwambie:*
*kabla hujachomoka*
*kiwiko chaporomoka.*
*Cha kulia, kila mara,*
*kama taa ya ishara.*
*Alo nyuma ashajua*
*saa ya kukuchukua.*
*Kifunge kwa kamba, dada,*
*kisikupe tena shida.*

Nilisoma vizuri mpaka kwenye kiwiko. Yaliyobaki niliyamalizia kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Wote walikuwa hoi kwa kicheko, mmoja anaigiza kiwiko, mwingine anawasha na kuzima taa. Nilicheka. Kanuni ni kanuni.

Halafu nikafanya jambo lisilofanywa.

"Nani kaandika?"

"Sinterklaas!" wakajibu wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Sinterklaas hakai nyuma ya gurudumu langu."

Tunazunguka uwanja kwa mkono wa kushoto, na Evert husimama ndani, kwa hiyo kiwiko cha kulia hawezi kukiona hata akitaka. Anayekiona ni mmoja tu. Renske alikuwa anachagua biskuti kwenye bakuli, hana haraka.

"Labda alikuwa farasi wake," akasema.

Wakaanza kucheka upya. Nikavaa koti, nikachukua mkono wangu wa karatasi, nikaondoka. Njia nzima taa ilikuwa inawaka na kuzima kwenye kiti cha nyuma cha gari, maana sikupata pa kuizimia.

Ijumaa, 6 Desemba

Ni kweli. Nimeangalia picha za video za mbio zangu za miaka mitatu, zile zilizopigwa kutoka jukwaani. Kiwiko kinashuka kama vidole viwili hivi, kila mara, nusu sekunde kabla ya miguu. Miaka mitatu nimekuwa nikipiga honi.

Jumatatu, 9 Desemba

Mara moja kati ya tano. Nilikibana kiwiko, nikasahau kuchomoka.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikushinda hata moja. Evert kaniita pembeni.

"Unafikiria nini kule juu?"

"Kiwiko."

"Acha kukifikiria."

"Asante sana, kocha. Unalipwa kwa ushauri huu?"

Hakucheka. Alinionyesha muda wangu wa mita mia mbili za mwisho: sekunde kumi nukta tisa. Oktoba nilikuwa kumi nukta tano. Ningeweza kuulaumu uzee, lakini mtu hazeeki kwa siku saba.

Naanza kumwelewa Renske. Angeendelea kukisoma kiwiko changu kimya kimya angenishinda tarehe 28 kwa raha zake, ila mimi ningeweza kukigundua wakati wowote. Amefanya la hakika zaidi. Ameniambia. Mbele ya watu wote, kwa kicheko, wiki tatu kabla, ili nikae na kiwiko kichwani mchana na usiku. Kama ni hila, ni hila ya mtu mwenye akili, na mimi ndiye niliyemfundisha. Leo alinisalimia mlangoni, sikumwitikia.

Jumamosi, 14 Desemba

Baridi imekuja. Digrii sita chini ya sifuri, upepo umekufa, mitaro yote imeshika barafu. Evert katuma ujumbe kwa timu nzima: ATAKAYEKANYAGA BARAFU ASINITAFUTE. Mtu akiteguka kifundo cha mguu sasa, msimu umeishia hapo.

Jumapili, 15 Desemba

Nimekanyaga barafu.

Nilikwenda nyumbani kula supu ya njegere, na baba alikuwa ameshatoa viatu vya kutelezea, vyake na vyangu, kaviweka mlangoni. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mtaro. Nyumba zilibaki na paka tu. Tuliteleza mpaka daraja la pili, yeye mbele, mikono mgongoni, mimi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya Sinterklaas sikufikiria kitu.

Darajani alinimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Nikamweleza habari yote ya kiwiko. Alisikiliza akitazama shamba.

"Sasa unakificha," akasema.

"Nakificha, baba. Na nikikificha sina mbio."

Alijimiminia kahawa yake, akainywa yote. Nilidhani amesahau.

"Mimi nikitoka na trekta," akasema, "kijiji kizima kinajua nakwenda wapi. Huwa napeleka viazi. Hakuna aliyewahi kunizuia."

"Baba, mbio si viazi."

"Mh," akasema, na akawa amemaliza maneno yake ya wiki.

Nilimcheka. Lakini njia nzima ya kurudi Apeldoorn nilikuwa nayo kichwani. Wa kuvizia ndiye anayehitaji kuficha. Anayekwenda waziwazi, kutoka mbali, kwa nguvu zote, kiwiko chake kitamwambia nani nini?

Jumanne, 17 Desemba

Nimejaribu. Badala ya kusubiri mita mia mbili za mwisho nimeondoka mzunguko mmoja na nusu kabla. Nilikufa kwenye kona ya mwisho, Renske akanipita akipiga miayo. Lakini nilikufa baadaye kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimekufa tena. Mita kumi na tano tu kabla ya mstari.

Ijumaa, 20 Desemba

Mita sita. Barafu inayeyuka, mvua imerudi, na mimi pia.

Jumanne, 24 Desemba

Siku nne. Hali yangu nzuri, miguu inanidai kazi. Ila kuna jambo limenikaa kooni, na daftari ni la kujihoji, basi nijihoji.

Nimemchukia Renske wiki tatu kwa kuwa aliniambia ukweli. Mimi nina ukweli wake miaka miwili na sijamwambia. Nani kati yetu ni mwizi?

Nimefikiria kumwambia leo. Halafu nikaona kitakachotokea. Atakaa siku nne akiufikiria mdomo wake kama nilivyokaa na kiwiko, na tarehe 28 atakuwa nusu ya Renske. Ningekuwa mkweli na mwovu kwa pumzi moja. Nisipomwambia, nitaingia kwenye fainali nikimsoma kama gazeti. Njia zote mbili nashinda, na zote mbili hazinipendezi. Sijazoea kutopenda kushinda.

Leo wakati wa kufunga mizigo alikuja na kunipa mkono, Krismasi njema. Nilimpa mkono pia. Ni hayo tu.

Ijumaa, 27 Desemba

Mchujo. Muda wa kwanza wangu, wa pili wa Renske, tofauti ni kope ya jicho. Robo na nusu fainali nimepita bila kutokwa jasho la maana. Yeye pia. Kesho ni sisi wawili, kama kila mtu alivyojua tangu Oktoba.

Jumamosi, 28 Desemba

Nina nguvu za kuandika, na nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa. Mama na baba walikaa pale pale wanapokaa miaka yote, mikate ya jibini kwenye karatasi, chupa ya kahawa katikati yao. Shangazi Geesje alikuja pia, amevaa skafu ya rangi ya machungwa na kengele ya ng'ombe mkononi.

Raundi ya kwanza kura ilimweka Renske mbele. Nilikuwa nyuma yake, mahali ambapo bingwa yeyote angependa kuwa, na nilikuwa na kila kitu isipokuwa akili. Ilipofika saa ya kuchomoka nilikumbuka kiwiko. Nusu sekunde tu. Aliondoka, nikabaki nikiutazama mgongo wake mpaka mstarini. Moja kwa sifuri.

Raundi ya pili tunabadilishana, mimi mbele. Nilipanda mwinuko wa kona, nikaenda polepole kama anayetembea, nikageuka kumtazama. Mdomo wazi. Mzunguko wa pili, nikageuka tena. Wazi. Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia, nikageuka, na nikauona mdomo ukifungwa. Niliondoka kabla hajakanyaga pedali. Nilimshinda kwa baiskeli nzima, na watu walisimama, na shangazi alipiga kengele kama zizi linaungua. Sare, moja kwa moja.

Nilipokuja chini Evert alinishika mabega. "Umejuaje? Umejuaje kwamba anatoka?"

"Nimehisi."

Ni uongo wa kwanza niliomwambia Evert kwa miaka tisa. Nilikwenda kukaa kwenye kiti changu na taulo kichwani. Renske alikuwa mita nne kutoka pale, naye na taulo, anatikisa kichwa. Alikuwa anajiuliza kosa lake ni lipi. Nilijua jinsi kujiuliza huko kunavyouma, maana nilijiuliza hivyo Novemba nzima, mpaka mtu mmoja akakaa mezani, akakata karatasi, akachemsha gundi, akatafuta vina, ili niache kujiuliza. Pale chini ya taulo ndipo nilipoamini, bila kumuuliza, kwamba halikuwa hila. Mtu mwenye hila hanunui herufi ya chokoleti.

Na nilijua pia kwamba dakika ile si ya kumwambia. Kwa hiyo nilibaki na jambo moja tu ninaloweza kulifanya kwa haki.

Kura ya raundi ya tatu ikanipa mbele tena.

"Mtazame," Evert akaniambia akinishikilia baiskeli. "Usimwondolee macho. Fanya ulichofanya sasa hivi."

"Sitageuka, Evert."

"Nini?"

Mwamuzi akapuliza kipenga.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda taratibu na kutazama mstari mweusi mbele yangu. Kila kitu mwilini kilitaka kugeuka. Shingo ilikuwa inauma kwa kutogeuka. Nilisikia watu jukwaani wakinong'ona, kisha wakipiga kelele, nyuma yako, nyuma yako, kama watoto kwenye maigizo. Mwanzoni mwa mzunguko wa pili nilihesabu moja, mbili, kiwiko kikashuka kinavyotaka, na nikaondoka. Zimebaki zaidi ya mita mia nne. Hakuna mwenye akili anayeondoka hapo.

Alikuwa mgongoni kwangu kwa raha, upepo wote ni wangu. Nilijua hilo na sikujali. Kengele ililia. Kwenye kona ya kwanza miguu ilikuwa yangu, upande wa pili ilikuwa ya mtu mwingine. Kwenye kona ya mwisho gurudumu lake liliingia kwenye jicho langu la kulia: nyonga, goti, kanyagio. Nilirusha baiskeli mbele kwa mikono yote miwili na sikuona tena kitu.

Picha ya mstarini waliichunguza dakika nne. Tulizunguka wote wawili polepole, hatutazamani. Baba alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona baba akisimama kwenye mashindano.

Haverkort, kwa sentimita mbili.

Ubingwa wa nane, na Februari ni yangu. Nililia hadharani, na sikujali. Evert alinikumbatia, akanitukana, akanikumbatia tena.

Baada ya wimbo wa taifa na maua tulikaa pembeni kwenye baiskeli za kupozea miguu, mimi na Renske, ubavu kwa ubavu.

"Hukugeuka hata mara moja," akasema. "Watu wanadhani umechanganyikiwa."

"Nilichoka kuuona uso wako."

Akacheka kwa pua.

"Shairi lile ni lako," nikasema.

"La Sinterklaas."

"Renske."

Alikanyaga muda kidogo. "Nilikiona kiwiko mwanzoni mwa Novemba. Zile zote nilizokushinda ni kiwiko. Evert akaanza kuniambia niko tayari, niko tayari, na mimi najua siko tayari, najua kusoma tu. Nilitaka nikushinde wewe, Wietske. Si kiwiko chako."

"Unafunga mdomo," nikamwambia.

"Mimi? Mimi ndiye ninayeongea hapa."

"Kabla ya kuchomoka. Unaendesha mdomo wazi, halafu unaufunga, halafu unaondoka. Raundi ya pili nilikusoma hivyo."

Miguu yake ilisimama. Ule mdomo ulikuwa wazi kabisa.

"Umejua tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili! Mimi mwezi mmoja tu nilikuwa silali. Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa na majibu mazuri. Kwamba huu ni mchezo wa kuviziana. Kwamba kila mtu ajitafutie yake. Nimeshayatoa mbele ya kamera mara nyingi, nayajua kwa moyo.

"Kwa sababu nakuogopa," nikasema. "Tangu siku ile ya Assen. Nilikuleta karibu ili nikuone vizuri."

Sijawahi kumwambia mtu hivyo, hata mama. Renske akachukua chupa yake ya maji, akanimwagia kichwani yote.

"Mjinga wewe," akasema, na akaanza kukanyaga tena.

Jumanne, 31 Desemba

Mama kakaanga maandazi ya zabibu ndoo mbili. Nimekula kumi na moja. Bingwa wa nchi hahesabiwi.

Ijumaa, 3 Januari

Mvua. Wiki saba zimebaki.

Nilifika ukumbini saa tatu asubuhi nikidhani nitafanya mazoezi nyuma ya pikipiki ya Evert, maana Renske hana mashindano tena mpaka kiangazi na ana haki ya kulala. Nilimkuta ameshavaa viatu.

Mara tano, yeye nyuma, mimi mbele, nikigeuka kila nilipotaka. Kaendesha amefunga mdomo mwanzo hadi mwisho, amevimba kama mtu aliyenyimwa keki ya pili, na sikuweza kusoma hata herufi moja. Mbili za kwanza nilishinda kwa jeuri tu. Tatu za mwisho kanishinda yeye, mfululizo, na ile ya tano kwa gurudumu zima, mimi nikimkimbiza mpaka macho yanaingia giza.

Nilishuka nikiwa nimeinama juu ya usukani. Evert akaja na saa yake, akaishika mbele ya pua yangu. Ulikuwa muda wangu, si wa Renske. Mita mia mbili za mwisho, sekunde kumi nukta tatu tisa. Sijawahi kuifikia kasi hiyo maishani, hata mwaka niliokuwa bingwa wa dunia.

Nikamwambia Renske kesho aje saa mbili na nusu.